Mkono Mmoja wa Rangi

Nilicheka. Niseme hilo kwanza
kabla sijamtaja mtu mwingine.
Jumanne, saa moja kasorobo, Kangemi, baridi ya Julai,
mkononi uji wa shilingi ishirini,
na kwenye ukuta wa kinyozi, kwa rangi nyekundu
ile ile ya "Hapa tunanyoa na watoto",
Lumbasi alikuwa ameandika:

    Mafuta ya kichupani, bei yashinda petroli,
    Askofu yu garini, kioo giza kamili,
    Kondoo tu baridini, sufu kaifanya mali,
    Hivi Bwana wa mbinguni, nawe pia una tili?

Uji ukanitoka puani.
Mimi, mshika kikapu wa Jumapili,
ninayejua bila kuchungulia
nani ametia noti na nani ametia kelele.

Kufikia saa nne ukuta ulikuwa na wasomaji
wengi kuliko Mambo ya Walawi.
Waliocheka walicheka wakiangalia nyuma.
Waliokasirika walikasirika wakiangalia mbele,
ili waonekane.
Wakaja wanaume wa kwaya na mawe,
sauti ya tatu na sauti ya nne,
na safari hii, ajabu, wote wakaanza pamoja:
"Amemtukana Mungu!"

Kinyozi akauliza kutoka nyuma ya pazia,
"Mstari wa ngapi?"
Basi tukasoma tena, mawe mkononi, tukitafuta.
Wa pili una gari.
Wa tatu una sisi.
Wa nne ni swali.

Mumbua hakuwa na jiwe.
Alikuwa na chupa, imebaki tone,
ya Februari, wodi ya watoto, kitanda cha wagonjwa watatu.
Akasema, wala si kwa sauti,
"Nilipompaka Kyalo utosini
sikuwa nampaka Askofu."

Hakuna aliyejua pa kutazama.
Lumbasi akaitazama brashi yake.

Nimekaa na maneno hayo miezi sasa.
Nayaweka upande huu, shairi upande ule,
kama kwenye mizani ya muuza nyama,
na sindano inatikisika, haitui.
Kwa maana bei ilikuwa ile, kweli. Mia nane. Nilizipokea mimi.
Na utosi ulikuwa wa moto, kweli.
Mzaha ulimlenga mwenye gari
ukampata kwanza mwenye chupa,
kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nje,
hana kioo.

Ningetaka lisiandikwe?
Hapana. Nasema hapana, na kiganja changu kinanuka sarafu.
Ningetaka arushiwe? Niliyahesabu mawe,
yalikuwa mengi kuliko maneno.
Nikasimama mlangoni pa kinyozi.
Si ushujaa. Mlango ni mwembamba, mimi mnene.

Jioni Askofu akatuma elfu mbili,
Lumbasi aufute ukuta mwenyewe.
Alituma kwa simu. Kwenye tili ya kinyozi.

Lumbasi akapaka nyeupe, mkono mmoja, akashuka ngazi.
"Ukuta kama huu," nikamwambia, "hutaka mikono mitatu."
"Pesa ni ya mmoja."

Mumbua akaja na chai.
Hakusema amemsamehe. Hakusema hajamsamehe.
Alisimama karibu kabisa na rangi mbichi,
shali kichwani, akisoma herufi
zilizokuwa zinarudi polepole, rangi ya waridi,
akifuata kwa kidole bila kugusa.

"Huo wa tatu," akasema, "uache."

Kisha akangoja kikombe chake.